Ukuta wa Tamta

Kutaisi, mwezi wa pili, theluji imeoza barabarani.
Mimi mtu wa tanuri. Miaka thelathini na mmoja
nimeinama ndani ya shimo la udongo,
kifua ukingoni, miguu hewani,
nikibandika unga ukutani kwa kofi moja,
pa!
na kuchomoka kabla nyusi hazijaungua.
Mkono wa kulia ndio ulioninunulia nyumba,
ndio uliomwoza Teona,
ndio uliogoma.

Haukuvunjika. Afadhali ungevunjika;
mfupa uliovunjika watu huuonea huruma, huuletea supu.
Bega liliganda tu,
kama bawaba ya lango lililosahauliwa mvuani.
Usiku nililala nimeketi.
Kuvaa koti ikawa kazi ya watu wawili:
Nazibrola alinifunga vifungo bila neno,
na kimya chake kiliniuma kuliko bega.

Nilimpelekea Tamta bega kama mtu apelekavyo saa kwa fundi:
shika, tengeneza, nitapitia jioni.
Binti wa rika la mwanangu, kucha fupi, viatu vya mpira.
Hakushika chombo chochote.
Aliweka vidole nyuma ya kwapa langu, akatulia,
kama anayesikiliza watu chumba cha pili.
Kisha akanisimamisha mbele ya ukuta.
"Tembeza vidole viwili, panda.
Ukikwama, pumua mara tatu, shuka."

Zoezi lile lilikuwa tusi.
Buibui mzee angenipita.
Akachora mstari kwa penseli pale nilipokwama,
akaandika tarehe, basi.
Mstari ulikuwa chini ya kidevu changu.

Nikasema, inauma.
"Inauma vipi? Kwa kuchoma au kwa kuvuta?"
Sikujua. Kwetu uchungu ni uchungu,
na dawa yake ni kunyamaza.
"Ukivuta, ufuate hatua moja.
Ukichoma, uheshimu, rudi."
Nina miaka hamsini na minane,
nikaanza kujifunza lugha ya mwili wangu
kama mgeni anayejifunza kuomba maji.

Mwezi wa tatu mstari ulipanda upana wa kidole.
Kisha haukupanda. Wiki moja, mbili, tatu.
Alhamisi ya nne sikwenda.
Nilikaa jikoni na chupa, nikiutukana ukuta wa watu.
Nazibrola akafuta mikono, akatoa penseli sikioni
(hata sijui aliiweka lini)
akanivuta hadi kwenye fremu ya mlango,
pale tulipokuwa tukimpima Teona urefu.
"Panda," akasema.
Nikapanda. Vidole vilikwama
kwenye Teona wa miaka saba.

Tangu hapo nilikua.
Asubuhi kabla ya chai, jioni baada ya habari,
kwa taulo la moto, kwa fimbo ya ufagio nyuma ya mgongo,
nikiguna kama ng'ombe.
Wiki ya Pasaka nilimpita Teona wa miaka tisa.
Zabibu zilipochanua nikawa na kumi na moja,
na siku hiyo nilijichana nywele mwenyewe,
nikaziharibu, nikazichana tena.

Mkono haukurudi wote. Niseme ukweli.
Kati ya mstari wa mwisho na pale nilipofika zamani
kuna kiganja kimoja,
na kiganja hicho ni cha Beso, kijana wa jirani:
yeye ndiye anayezama shimoni sasa,
mimi nabandika upande wa juu.
Mkate wangu wa kwanza ulidondoka majivuni.
Wa pili ulishika.

Nikaufunga kwa gazeti ungali ukipumua,
nikapanda mlima hadi kliniki.
Tamta akaupokea, akaumega,
lakini macho yake yalikuwa begani kwangu.
"Umeubeba kwa mkono upi?"
Nikajitazama.
Sikuwa nimeona.