Tupa

Ghorofa ya pili, Castelfidardo, Februari.
Ukungu umekaa juu ya kilima kama mgeni asiyeaga.
Mbele yangu kinanda ambacho bado hakina mwili:
safu ya vibao vyeupe na vyeusi, nyaya zikining'inia,
kioo kidogo chenye mistari miwili ya maandishi.
Sauti mia na ishirini na saba zimeshapita.
Imebaki moja. Kodiani.

Hapa, katika mji uliopata mkate wake
kwenye kodiani, miaka mia, asubuhi na jioni.

Naanza na wimbi tupu, lenye umbo la msumeno:
meno, meno, meno, hadi ukingo wa sikio.
Nalipunguza makali kwa kichujio.
Nalipa pacha, nampotosha pacha kidogo,
wagombane, wapatane, watetemeke pamoja.
Halafu maisha yake, kwa namba nne:
inazaliwaje, inanyong'onyeaje,
inakaa wapi kidole kikiwa chini,
inakufaje kidole kikiondoka.
Kwenye kuzaliwa naandika sifuri.
Papo hapo. Safi.

Na ni uongo.

Bwana Giampieri wa mauzo akapita na kahawa yake,
akasikia, akasema, "Nzuri sana,"
kwa sauti ile ile anayosifia viatu vya watu.

Baba yangu, Nazzareno,
alikaa miaka arobaini na moja mbele ya dirisha
akikwangua vilimi vya chuma kwa tupa,
kimoja kimoja, akipuliza vumbi, akisikiliza.
Ulimi hauna mfupa, husemwa;
vile vya Baba vilikuwa mfupa mtupu,
ndiyo maana havikuweza kudanganya.
Lakini mganga hajigangi.
Kodiani yake mwenyewe hakuwahi kuimaliza.
Fa ya chini ilichelewa, hasa wakati wa baridi,
kama mtoto anayeitwa akiwa mchezoni.
Kona moja ya mvukuto ilivuja,
na sisi watoto tulilala tukisikia pumzi ile
kabla ya kila noti, ukutani, ng'ambo ya kitanda.

Saa tano usiku nikarudi kwenye namba.
Kuzaliwa: kutoka sifuri hadi kumi na nne,
kwa noti za chini peke yake.
Nikaongeza kelele, chini kabisa,
nikaichuja mpaka ikawa upepo
unaopenya ngozi ya mbuzi iliyochoka.
Nikaongeza mlio wa kitufe kikirudi mahali pake.
Nikampotosha pacha zaidi. Zaidi.
Rudi moja.

Kioo kikaandika: kumbukumbu imejaa,
tupa sauti moja.

Tupa.
Mkononi mwa Baba ilikwangua ili kitu kibaki.
Mimi sikuwa na pa kukwangua.
Nikaitupa "Asubuhi", sauti yangu ya kwanza kukubaliwa,
kengele juu ya nyuzi, miezi mitatu ya kazi.
Una hakika? Ndiyo.
Una hakika? Nimesema ndiyo.

Jumapili nikampandisha Baba ngazi, taratibu,
mlinzi akijifanya hatuoni.
Akakaa. Akapapasa ubavu wa mashine
akitafuta mahali mvukuto unapoanzia,
asipaone, akaguna.
Akabonyeza fa ya chini.

Ikachelewa.

Akabonyeza tena, kichwa kimeinama
upande wa sikio lililobaki zima.
"Hii inavuja," akasema. "Nani kaitengeneza?"
Nikanyamaza.
Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye koti,
mfuko wa ndani, tupa inapokaa mpaka leo.
"Ifungue," akasema. "Nione."