Ramani ya Orrin

Aliichora nyuma ya mfuko wa unga
kwa penseli ya seremala, ile bapa,
akaikunja mara nne, akasema:
“Usiifuate ukiwa na njaa.”
Orrin Tveit, jirani yangu hapa Twisp,
miaka sabini na sita, goti moja la chuma,
ghalani baiskeli mbili zisizo na upepo.

Njia tatu.

Ya kwanza yafuata mto. Bonde limelala chali,
majani yamekatwa, farasi wanakutazama
kama wakwe wanaokagua mchumba.
“Hapa mbwa mweupe,” ramani yasema.
Mweupe alishakufa. Yuko mwanawe,
mweusi, kairithi kazi.

Ya pili yapanda mashariki, Loup Loup.
“Hapa kivuli.” Kivuli kilikwenda na moto;
misonobari imesimama myeusi
kama njiti zilizowashwa zikarudishwa kibiritini.
Nikasahihisha kwa wino, nikaendelea.

Ya tatu ndiyo yenyewe.

Kupanda mchongoma, husema kwetu, kushuka ndio ngoma.
Aliyesema hakubeba hema, sufuria
na kilo mbili za sembe
kutoka Mazama hadi mawinguni.
Huku ngoma ni kupanda.
Kushuka ni mshahara.

Baba, kule Lushoto, alikuwa na Swala
nyeusi, nzito kama mlango wa jela.
Akiisukuma kwenda juu na magunia ya kabichi,
akiteremka nayo soli ya kandambili ikinuka moto.
Kwetu baiskeli ilikuwa punda,
na hakuna aliyewahi kusema
Jumamosi hii nampeleka punda matembezi.

Kanyaga.
Hesabu nguzo.
Kanyaga.
Nyumba za magurudumu zanipita,
mtoto dirishani ananipungia
kwa huruma.
“Hapa kunywa.” Nikanywa.
“Hapa tukana.” Nikatukana kwa Kisambaa.
Mlima haukujibu.
Gia ndogo kuliko zote, na bado naitafuta nyingine
kwa kidole gumba, kama mtu apapasaye mfuko
aliokwisha kujua ni mtupu.

Saa nane. Theluji ya Juni kandokando, chafu,
na ile kona kubwa ambapo barabara inageuka ghafla
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Penseli inaishia hapo.
Nikaugeuza mfuko: picha ya ngano,
uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi.
Nikaugeuza tena. Kwenye mkunjo,
herufi ndogo za mtu asiyependa kuulizwa:
“Hapa nilirudi.”

Kwa gari amepita juu mara zisizohesabika,
akipeleka matofaa magharibi.
Lakini hii ni ramani ya miguu.
Miguu yake haikujua zaidi,
naye hakutaka kuisemea.

Nilikula mkate wote, nimekaa kwenye chuma cha ukingo.
Sitasema nilipaa.
Nusu maili ya mwisho nilisukuma,
mkono mmoja kwenye tandiko, kiuno kimepinda,
nikajiona kwa nyuma: ni baba yule,
ila bila kabichi.
Juu kulikuwa na kibao, upepo,
na vijana wawili walioniomba niwapige picha.
Ndiyo sherehe iliyokuwepo.

Nikautandaza mfuko juu ya jiwe,
nikachora kwa wino palipobaki:
ukuta wa mawe, kijito kinachovuka lami,
na kando yake, “Hapa sukuma.”

Jioni, barazani, Orrin alivaa miwani
akaufuata wino kwa kidole, polepole,
akapumzika pale nilipopumzika.
“Kutoka kona ni mbali kiasi gani?”
“Mkate mmoja.”

Akakohoa. Akaitazama ghala kwa muda.
Kisha akauliza kama pampu yangu
inashika valvu za zamani.