Chozi Juu ya Mizani

Tulilinunua kwa mjane mmoja nje ya Havre, Montana,
chozi la bati lenye magurudumu mawili,
mgongo mviringo, mkia umechongoka,
ndani hamna kitu ila godoro na familia ya panya.
Noreen alilizunguka mara tatu, akalipiga tairi teke,
akasema: Hili tutalifanya nyumba.

Mimi ni mdogo wake. Nimezoea.

Kwanza alibadili ekseli. Kisha springi.
Kisha akatoboa paa ili aweke feni:
alipima kwa ndani, akakata kwa nje,
na tundu likatokea kando ya pale lilipotakiwa
kwa upana wa vidole vinne.
Hakutukana. Alikaa juu ya ndoo,
akala tufaha lote mpaka mbegu,
ndipo akaniambia nilete silikoni.

Majira yote ya baridi karakana ilinuka vanishi.
Upepo ulishuka kutoka Kanada bila kupiga hodi,
nasi ndani, na glovu zilizokatwa vidole,
tukipiga randa mbao za msonobari.
Paneli ya jua. Betri nzito kama ndama, kisha ya pili.
Friji. Mlango wa nyuma unaofunguka kama boneti,
na chini yake jiko zima, na rafu ya viungo.
Viungo! Sisi tuliokulia chumvi na pilipili manga,
tukikiogopa kitunguu saumu kama mgeni wa usiku.
Droo moja aliing'oa kwenye cherehani ya mama,
nami sikuulizwa.

Yatosha? nilisema.
Bado kidogo, alijibu.
Haba na haba hujaza kibaba;
wahenga hawakusema kikijaa
nani atakivuta.

Aprili, barafu ilipolegea, tulilikokota
mpaka ghala la ngano, kwenye mizani ya malori.
Virgil Stenerud alichungulia na kikombe chake cha kahawa,
akasoma namba, akaisoma tena,
akakitazama kigari chetu
kama mtu amtazamavyo punda aliyefungiwa treni.
Ratili elfu mbili na mia moja, akasema.
Mmepakia nini humo, kanisa?

Dada yangu alifungua mlango palepale,
akaanza kutoa.
Friji ikashuka. Betri ya pili. Rafu na viungo vyake.
Hema la ubavuni, masanduku ya bati,
vyungu vya chuma vya shangazi Idella,
na Virgil akitangaza kila namba
kama dalali wa ng'ombe aliyerukwa na akili,
bei ikishuka badala ya kupanda.
Nyuma yetu malori matatu yalingoja.
Hakuna aliyepiga honi.

Mwisho akabaki na ile droo mkononi:
vifungo, bobini, mkasi butu wa mama.
Hii je?
Virgil alitazama kioo, akaitazama droo.
Mizani hii ni ya malori, akasema.
Kitu kidogo hivyo haikioni.
Akairudisha mahali pake, akaisukuma kwa goti.

Usiku wa kwanza tulilala kando ya Mto Milk.
Futi nne upana. Hatujalala kitanda kimoja
tangu mimi saba, yeye kumi na mmoja.
Kiwiko kilekile. Nyayo zilezile za barafu.
Pumzi zetu zikapanda darini, zikarudi
tone, tone, juu ya paji la uso wangu.
Chozi linalia, nikasema.
Noreen, macho amefumba:
Linatoka jasho. Washa feni.

Nikanyoosha mkono gizani, nikapapasa bati tupu.
Feni ilikuwa vidole vinne zaidi, upande wake,
na katika wavu wake nyota moja
isiyo katikati ya kitu chochote.

Kesho, akanong'ona, nitaweka taa hapo. Ndogo tu.
Ina uzito gani?
Akajifanya amelala.