Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mama alisikia uzamili, akasikia kuzama.
Kwetu Kirumba neno hilo halitamkwi asubuhi,
mitumbwi ikiwa haijarudi.
Ni shahada, mama. Ya pili. Ya hisabati.
"Na baada yake?"
Uzamivu.
Akaweka ungo chini. "Kumbe mtu anazama kwanza,
ndipo afundishwe kupiga mbizi."

Miaka miwili sasa.
Mchana kidato cha pili, Nyamanoro,
wanafunzi sabini na wanane na chaki inayolia ubaoni.
Usiku meza ni ndoo iliyopinduliwa,
taa ni simu, na simu ina asilimia tisa.
Nimeandika tasnifu nyuma ya daftari la madeni ya dagaa:
upande huu, Mama Shija, sado tatu, hajalipa;
upande wa pili, tuseme S ni seti funge, isiyo na tundu.

Dakta Rweyongeza amerudisha ukurasa wa arobaini na moja.
Wino mwekundu, maneno mawili:
Kwa nini?
Mara ya nne.
Nimeupanda mlima wa Bugando na swali hilo, nikashuka nalo.
Nimekaa juu ya jiwe kule Kapripointi hadi jiwe likapoa.
Mawe ya Mwanza yamebebana tangu enzi,
na hakuna aliyeyadai uthibitisho.

Jana jioni mama alikuwa anakoroga uji.
Nikamwambia: koroga utakavyo, mradi usimwage;
uji ukishatulia,
ipo chembe moja iliyo palepale ilipokuwa.
"Ipi?"
Sijui.
"Iko wapi?"
Sijui, mama. Ninachothibitisha ni kwamba ipo.
Mwiko ukasimama.
"Kama baba yako, basi.
Geita, mwaka wa kumi na moja huu. Yupo."
Akacheka, akaendelea kukoroga,
ila kinyume.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona kosa,
mstari wa sita:
siku zote hizo naitafuta chembe.
Haitafutwi.
Unasema haipo,
unaifuata hiyo "haipo" hatua kwa hatua,
uji wote unakimbilia ukingoni
na katikati panachanika,
na uji, jamani, hauchaniki.

Niliandika mpaka simu ikazima.
Gizani nikasikia mteja mlangoni akiniulizia.
"Amezama," mama akasema.
"Mwache. Sado ngapi?"