Daftari la Madeni

Kurasa za kushoto ni madeni, kwa herufi ninazozisoma:
Nambozo, kitenge yadi nne, atalipa akiuza kahawa;
Wamboga, kaniki, shilingi sita na senti;
mimi mwenyewe, uzi mweusi, boksi mbili. Haijalipwa.
Kurasa za kulia ni zake.

Alikaa nyuma ya kaunta, Barabara ya Naboa, Mbale,
Kusumlata, mke wa Nigam,
kalamu sikioni kama seremala.
Mama mkwe akiuliza kutoka jikoni, "Unaandika nini?"
alijibu, "Hesabu."
Wala hakusema uongo.

Mimi barazani, cherehani nikiikanyaga kwa mguu mmoja;
ule mwingine ulikauka kabla sijajua kutembea.
Aliniita Masta-ji.
Aliniuliza mambo yasiyo na bei:
mjane wa huku hufunga nini kiunoni?
Maji yakiporomoka Wanale, sauti yake ni ya nini?
Nikasema: ya mtu anayechana shuka kuukuu.
Akaandika. Hakunilipa, nami sikudai.

Mwandiko wake ulinishangaza, mimi fundi wa nguo:
juu mstari mmoja, herufi zikining'inia chini yake
kama fulana za watoto wengi kwenye kamba moja.
Nikawaza, anayeanika hivi
kichwani mwake mna nyumba kubwa.

Hadithi alizituma India, bahasha za buluu.
Miezi mitatu, ndipo jibu:
mbili zimechapwa, kwa jina la mumewe;
ya tatu imerudi.
Mhariri hataki ndizi zinazopikwa.
Weka embe, kasema, msomaji aelewe.
Siku ile alipima vitambaa vibaya kutwa nzima,
wateja wakaondoka na inchi mbili, tatu za bure,
na jioni akaniambia kwa Kiswahili chake cha kaunta:
"Masta-ji, matoke itabaki."

Kisha redio ikasema siku tisini.
Nigam akauza mizani, akauza hata bawaba za mlango.
Yeye akaja barazani, daftari limefungwa kwa kaniki.
Kwenye vizuizi, alisema, wanachukua kinachong'aa;
hiki haking'ai, ila ni kizito.
"Usiache kudai, Masta-ji."
Sijamdai mtu. Nambozo alikufa na kitenge chake.

Miaka hamsini na ushei:
chini ya godoro, ndani ya pipa la mahindi, juu ya kabati.
Panya walikula kona moja tu.

Mwaka huu kijana kutoka Patna
amefungua duka la simu, mlango uleule.
Nikampelekea.
Jumapili, duka limefungwa, ananisomea
kwa Kiswahili cha miezi sita; akikwama, anaonyesha kwa mikono.
Yumo mwanamke anayeiba chumvi ya mkwewe,
kijiko kwa kijiko, na hatuambiwi anaipeleka wapi.
Umo mkate unaookwa majivuni.
Hapo kijana alinyamaza, akatoka nje,
akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.
Mvua ilikuwa inanyesha.

Juzi tukafika ukurasa wenye fundi.
Ana kikohozi changu. Ana kofia yangu.
Asubuhi moja anaacha mkasi juu ya nguo ya watu
na kuupanda Wanale kwa miguu yake miwili.
"Miwili?" nikauliza.
Kijana akarudia, akanionyesha vidole.
Anapanda, hapumziki, hamwagi jasho,
mji unabaki chini kama vifungo vilivyomwagika,
na alipofika kule juu akaona—

hapo ndipo panya walipokula.

Kushoto, mkabala na mlima:
uzi mweusi, boksi mbili.
Nikamwomba kijana kalamu.
Nimeandika chini yake, kwa herufi zangu zisizoning'inia:
bado.