Golsi

Usilichemshe, aliniambia Eyvindur kwenye simu,
maji yakitokota fuvu hupasuka kama sahani,
na mafuta hujificha humo, yaje kutoka baada ya miaka,
manjano, yananata, wageni wako mezani.
Moto mdogo, Steinunn. Maji ya kumwogeshea mtoto.

Basi nimekuweka gereji, Golsi,
ndani ya sufuria iliyopika jamu miaka thelathini
na ambayo haitapika jamu tena.
Wiki ya kwanza nyama ililegea.
Wiki ya pili Ásdís, mke wa mwanangu, alisimama mlangoni,
shali puani, akauliza kama nimerukwa na akili.
Nikamwambia bado. Nangoja ufizi uachie.

Kibano, mswaki mkuukuu,
waya niliopinda ncha ili kuuchokonoa ubongo
kupitia tundu pale shingo ilipoanzia.
Hutoka kidogo kidogo, kijivu, kama uji uliolala.
Humo ndimo ulimokaa ujuzi wako wote:
njia ya mlimani, kivuko cha mto, siku ya kurudi.
Nikaumwaga kwenye theluji. Kunguru wawili wakaja.
Huenda leo wanaijua njia.

Pembe ziligoma.
Siku ya tisa zikachomoka kwa mlio wa kizibo
na uvundo ulionikimbiza hadi barabarani,
bibi wa miaka sabini na moja, nacheka peke yangu.

Usitie klorini, hula mfupa polepole hata ukikauka.
Nikaenda kwa Jórunn msusi,
nikanunua chupa tatu za dawa ya kung'arishia nywele.
Akauliza nataka rangi gani.
Ya mfupa, nikasema.

Ulipotoka humo mweupe ndipo nilipoliona:
juu ya jicho la kushoto, bonde dogo,
upana wa kidole gumba,
mahali mfupa ulipobonyea zamani, ukajishona wenyewe
kwa ukingo mnene, mbaya, imara.

Asubuhi ya Novemba, anga safi kama kioo.
Nilikufungulia mlango, ukakataa.
Ukasimama kizingitini, miguu minne kama misumari,
na kondoo mia na sita nyuma yako wakasimama.
Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na sepetu.
Mimi si mtu wa kupiga wanyama;
nilipiga mara moja, kwa mpini.
Hukulia. Hukusogea.

Saa nane mchana tufani ikashuka,
ikameza uzio, ikameza nguzo za umeme.
Jirani wa ng'ambo ya mto alichimba theluji
hadi baada ya Krismasi, akitafuta arobaini wake.
Mimi nilisimulia kisa hicho miaka saba,
kwenye harusi, kwenye mikutano ya wafugaji,
jinsi ulivyokataa, jinsi nilivyokusikiliza.

Mpigaji husahau, husemwa, mpigwa hasahau.
Lakini wewe jioni ileile ulikula mkononi mwangu.
Ni mfupa tu ulioweka hesabu, chini ya manyoya,
bila kumdai mtu.

Eyvindur anasema bonde hilo huzibika:
gundi, unga wa mfupa, msasa laini, halionekani tena.
Gundi nimeitumia kwa meno.
Magego mawili yalicheza, nikayabana;
moja liliteleza kwenye bomba la sinki, pengo nimeliacha.
Pembe nimezirudisha, ya kulia imekaa upande kidogo.

Uko jikoni sasa, juu ya redio.
Ásdís alitaka ugeuzwe, uonyeshe upande mzuri.
Nilimwachia kwa siku moja.

Leo anga ni safi kama kioo.
Redio inasema kutakuwa shwari.
Nimevaa buti, glavu ziko mfukoni,
nimekaa tu hapa,
natazama juu ya jicho lako la kushoto.