Unaniuliza Ipi Afadhali

Uliniuliza jana, Kabwita, nikifua koti langu la kazi,
maji ya besheni yamekuwa mekundu kwa vumbi la Katuba:
"Tantini, lutuku na diamba, ipi afadhali?"
Ukacheka kidogo, kama mtu anayeuliza bei bila nia ya kununua.
Sikukujibu. Povu liliniingia jichoni, nikalifanya kisingizio.

Leo nakuandikia,
maana mbele yako mdomo wangu hugeuka kengele ya misa,
nawe kengele umezizoea.

Nianze na baba yako.
Chola alikuwa fundi wa kulehemu. Mkono wake!
Asubuhi uliunga mlango wa chuma,
jioni ulitoa mwiba kidoleni mwako, hukulia.
Lutuku ilianza na Jumamosi. Ikachukua Ijumaa. Ikamaliza wiki.
Mwanzoni mkono ulitetemeka akinywa,
mwishoni ulitetemeka asipokunywa,
hapo nikajua nani mwenye nyumba, nani mpangaji.
Macho yakawa manjano. Tumbo likajaa, miguu ikawa njiti,
na majirani wakamsifu: fundi ameanza kunenepa.
Mimi ndiye niliyepima maji yaliyotolewa tumboni mwake,
lita sita,
katika ndoo ileile ya samawati unayoogea.
Nisamehe. Niliisugua.
Ini lina subira ya punda: hubeba, hubeba, halipigi kelele;
siku likifungua kinywa, limekwisha kulala njiani.

Haya. Sasa utasema, "Basi majani."
Nalisikia neno hilo wadini kila juma:
majani ni mmea, majani hayavunji sahani,
majani hayampigi mtu mkewe.
Sitakudanganya, wewe si mtoto wa kutishwa na zimwi.
Nimefunika shuka nyuso za watu walioamkia lutuku ya usiku mmoja,
mmoja wao alikuwa ameoa Alhamisi.
Kwa moshi wa usiku mmoja, bado sijafunika uso.
Na Mzee Mumba wa avenyu ya tatu anavuta tangu sijazaliwa,
anakohoa tu kama pikipiki ya zamani
na kutafuta miwani iliyo usoni pake.

Lakini Kapya.
Baba yako mdogo, ambaye picha yake umeigeuza ukutani.
Alianza na umri wako, kumi na sita, kando ya reli,
akirudi shule na madaftari ya hesabu kwapani.
Hakutapika damu. Hakutetemeka. Alicheka sana, mwaka mzima.
Kisha redio ya mama ikaanza kumtaja jina,
redio isiyo na betri.
Akapanda kile kilima cheusi cha masizi ya shaba
kwenda kuwaomba wanaomsema washuke.
Daktari aliniuliza: katika ukoo wenu, kuna mwingine?
Nikamkumbuka bibi, aliyekuwa akimsalimu ukuta
na kungoja ujibu.
Ufa ulikuwemo, Kabwita. Moshi ulijua pa kupitia.
Na ukuta wako umejengwa kwa tofali zilezile.

Kila Jumapili nampelekea bukari na samaki wakavu.
Anakula vizuri. Mapafu yana mluzi, ini lake ni zima,
damu yake ingemfaa hata mgonjwa wangu yeyote.
Akimaliza ananawa, ananitazama, anauliza:
"Na Chola, mbona haji?"
Namwambia.
Analia kama mtu aliyepewa habari sasa hivi,
maana kwake ni sasa hivi.
Jumapili ijayo atauliza tena.
Nimemzika kaka yangu mara nyingi kuliko siku alizolala hospitali.

Unataka nikupimie: huku kilo ngapi, kule ngapi.
Ningekuwa na mizani hiyo ningeiuza, nikulipie shule.

Koti halijakauka. Niliacha sabuni kwenye kola.
Kama bado una swali, njoo ushike upande mmoja,
nami nishike ule mwingine,
tulikamue.